Siku Niliyozima Mlima Mzima Katikati ya Maombi

Nina aibu moja ambayo siwezi kuificha hata nikitaka, kwa sababu mchungaji mmoja wa upande wa Mogogosiek anaikumbuka vizuri kuliko mimi, na kila tukikutana naye kwenye harusi au matanga husema, "Tufunge macho tuombe, isipokuwa Nyakundi, yeye abaki ameyafungua na mikono tuione," halafu watu wanacheka, na mimi nacheka nao, maana nitafanya nini, kitendo nilikifanya mchana, mbele ya jeneza, kwaya mbili na karibu ukoo wote wa marehemu, na hata nikisema nilisingiziwa hakuna wa kuniamini. Nimeshazoea. Lakini kuna sehemu ya mkasa huu ambayo haijawahi kunichekesha, na kwa sababu nyinyi ni marafiki nitawasimulia yote, mkitaka kucheka chekeni tu.

Kwanza mjue kazi yangu. Mimi ni fundi wa faiba katika kampuni ndogo pale Litein (ndogo kwelikweli: bosi, karani, mimi na pikipiki), na tunapeleka mtandao kwa wakulima wa majani chai, mlima huu mpaka mlima ule. Watu wakiniona juu ya nguzo hudhani hapo ndipo kazi ilipo, kumbe kazi yenyewe iko kwenye mtambo, sanduku la chuma lenye taa nyingi ambalo tumeliweka katika chumba cha nyuma cha duka la dawa za mifugo la Mama Chelangat, pale sokoni Mogogosiek, kwa sababu yeye anaangua vifaranga na hawezi kukubali stima ipotee. Kwenye mtambo huo kuna matundu, kila tundu linalisha mlima mmoja, na kule mlimani kila nyumba ina kisanduku chake ukutani.

Sasa mtambo huo hauna picha za kubonyeza wala rangi za kupendeza. Unauongelesha kwa maandishi. Unafungua kidirisha cheusi kwenye kompyuta, unaandika amri, unabonyeza, wenyewe unatii, na hauulizi kwa nini. Ukiwa ndani yake ni kama unatembea kijijini: unaingia lango la mlima, halafu unaingia mlango wa nyumba moja, na neno lile lile la kuzima, shutdown, ukiliandika ukiwa ndani ya nyumba unazima nyumba hiyo, ukiliandika ukiwa langoni unazima mlima. Kitu pekee cha kukuonyesha umesimama wapi ni herufi chache mwanzoni mwa mstari, na mimi nilikuwa nimezizoea kiasi cha kuacha kuzisoma (hapo ndipo majivuno ya ufundi huanza, mtu anaacha kusoma).

Matanga yenyewe yalikuwa ya Kogo Tabitha. Kogo ni nyanya, na mlima wote ulimwita hivyo, hata mimi ambaye si wa kabila lake, mtoto wa wachuma chai waliotoka Kisii wakaja kukaa kwenye nyumba za kampuni Kericho. Nilimwekea faiba mwenyewe, kwa maagizo ya binti yake wa mwisho, Chepkirui, ambaye yuko Marekani anatunza wazee katika nyumba ya wazee. Chepkirui alitaka kumwona mamake kila siku. Alichopata kwa miezi mingi ni sikio, kwa sababu Kogo hakukubali kwamba simu inashikwa mbele ya uso, aliibandika sikioni kama zamani, na binti yake akawa anaongea na sikio la kushoto, anacheka, analiuliza limekula nini. Mimi nilikuwa nikipita kumrekebishia, napewa maziwa ya mgando, mursik, namwonyesha tena namna ya kushika simu, ananishukuru, kongoi, na nikifika barabarani naambiwa na Chepkirui kwamba sikio limerudi.

Kogo alipougua, mwanawe wa kwanza, Wesley, ndiye aliyembeba. Wesley ni mkulima, mtu mpole lakini mzito, na kwa miezi ile ya ugonjwa alikuwa anachuma asubuhi, anaenda hospitali mchana, anarudi kukamua ng'ombe jioni. Chepkirui hakuja. Makaratasi yake ya kukaa kule yalikuwa hayajakamilika, na akitoka harudi, na wote walioishi kwa kile alichotuma wangekaa bila kitu. Yeye alilijua hilo, nadhani Wesley pia alilijua, lakini kujua jambo na kulikubali ukiwa umechoka ni vitu viwili. Mama alipofariki, Wesley aliniambia maneno machache tu pale kwenye lango lake: "Anasema anataka kuongea na watu kwa hiyo mashini yako. Wacha aongee. Lakini mvua ikija hatumngojei."

Nami nikaahidi. Nilimpigia Chepkirui, nikamwambia atakuwepo kama amekaa kwenye kiti cha mbele. Akasema, "Nyakundi, siombi kitu kingine. Nimuage mama, na watu wa kwetu waone kwamba nilikuwepo." Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu siku ile, si faiba.

Siku ya mazishi tulitoa televisheni ya sebuleni tukaiweka juu ya meza karibu na jeneza, simu ya binamu mmoja ikafungwa kwenye kijiti kuwa kamera, sauti ikaunganishwa na spika za kanisa, na Chepkirui akatokea, amekaa jikoni kwake kule ambako bado hakujakucha, amevaa kitambaa cheusi kichwani. Watu wakampungia mkono. Mimi nilikaa kando ya fundi wa spika na laptopu yangu magotini, na sitadanganya, nilijisikia mtu mkubwa.

Picha ikaanza kukatikakatika. Uso wa Chepkirui uliganda mdomo wazi, ukarudi, ukaganda tena, na sauti yake ikaja vipande vipande. Niliangalia huku na huku na sababu nikaiona bila kompyuta yoyote: Kogo alikuwa amempa kila mgeni paswadi ya waifai (iliandikwa kwa chaki nyuma ya mlango wa jikoni, chini ya siku ya kulipa maziwa), na sasa kila mtu aliyefika kuomboleza alikuwa ameshika simu, wengine wanatuma picha za umati, wengine wanaangalia mpira chini ya mwavuli. Dawa ilikuwa rahisi. Nisimame tu, nishike maikrofoni, niseme, tafadhali tokeni kwenye waifai ya Kogo mpaka Chepkirui amalize.

Nikaona haya. Hebu fikirini, mgeni amekuja matanga, amepanda mlima kwa miguu, amekaa kwenye boma la marehemu, halafu mimi kijana wa faiba, tena wa kutoka mbali, nimwambie atoke kwenye kitu alichopewa na marehemu kwa mkono wake. Huku kwetu mgeni hanyang'anywi kikombe. Nikasema moyoni, wacha nifanye kimya kimya, mtambo haukasiriki.

Basi mpango wangu ulikuwa huu: niingie kwenye mtambo kwa amri, niipandishe laini ya Kogo iwe pana mara kadhaa kwa siku hiyo moja, kisha nizime kisanduku chake na kukiwasha ili kishike upana mpya. Kuzima na kuwasha ni kama dakika mbili. Na nikachagua wakati, nikajisifu hata, kwamba nitafanya hivyo watu wakiwa kwenye maombi, macho yamefungwa, na kabla ya amina Chepkirui atakuwa amerudi kwenye televisheni akiwa safi kama picha ya pasipoti. Tena nikawa mwerevu zaidi: mimi mwenyewe nikaingia kwa waifai ya jirani wa ng'ambo ya ua, ili nikizima nyumba ya Kogo nisijizime na mimi. (Nikikumbuka huo werevu natamani kujificha chini ya mti wa chai.)

Wesley akasimama kuongea. Aliongea akiangalia chini. Alisimulia ugonjwa, akataja usiku aliokaa hospitalini, halafu akasema, "Sisi tuliobaki tulimgeuza mama kwa kitanda. Kuna wengine walienda wakaona simu inatosha. Mimi sisemi mtu. Lakini simu haigeuzi mgonjwa." Akakaa. Kwenye televisheni, Chepkirui alikuwa ameinamisha kichwa, na sikujua kama ni picha imeganda au ni yeye.

Wakati huo nilikuwa nimeshaingia mlango wa nyumba ya Kogo kwenye mtambo, nimeshaandika upana mpya, na nikatoka kidogo mpaka langoni kuhakikisha nambari ya kisanduku. Ndipo MC akachukua maikrofoni. "Kabla mchungaji atuombee, na kabla Chepkirui atusalimie, yule kijana ametuunganisha na Marekani asimame tumuone." Ningefanya nini? Nikaweka laptopu chini, nikasimama, nikapunga mkono, nikainama kidogo, watu wakanipigia makofi ya matanga, yale ya vidole. Nikakaa. Mchungaji akasema tuinamishe vichwa. Mimi nikachukua laptopu, na akilini mwangu nilikuwa bado ndani ya nyumba ya Kogo, nikaandika shutdown. Mtambo ukauliza kama nina uhakika. Mtambo huuliza hivyo kila mara, na mimi hujibu ndiyo kila mara, kama mtu anayeitikia salamu. Nikajibu ndiyo.

Nikaandika amri ya kuwasha. Herufi hazikutokea. Nikabonyeza tena, hakuna kitu, ile alama inayopepesa ilikuwa imesimama. Ndipo nikasoma zile herufi chache mwanzoni mwa mstari. Nilikuwa nimesimama langoni. Nilikuwa nimezima mlima mzima, pamoja na waifai ya jirani niliyokuwa nikiitumia, na amri ya kuuwasha haikuwa na njia ya kupita kwa sababu njia yenyewe ndiyo niliyoifunga.

Mchungaji aliomba vizuri. Siwezi kukumbuka neno hata moja. Nilikuwa nabonyeza vile vitufe kama mtu anayetafuta sarafu mfukoni mwenye tundu, na nikawa naomba na mimi, kwamba siku hiyo Bwana ampe mchungaji maneno mengi. Hakumpa. Amina ikaja, watu wakafungua macho, wakageukia televisheni wamsikie Chepkirui, na televisheni ilikuwa nyeusi.

Nilikuwa nimetegemea watu waseme ni netiweki. Kila siku watu husema ni netiweki, hata kama simu imeisha moto. Siku ile hakuna aliyesema. Mama mmoja nyuma yangu alisema polepole, "Ameshindwa kuvumilia maneno ya ndugu yake." Mwingine akasema, "Amekata." Na hilo neno likatembea kiti kwa kiti, amekata, amekata, mpaka likafika mbele. Mimi nikasema kwa sauti ndogo, "Ni netiweki," na MC akalitangaza, "Tunaambiwa ni netiweki," kwa ile sauti ya mtu anayefunika aibu ya wenye nyumba, na ikawa mbaya zaidi, kwa sababu sasa ilisikika kama ninamtetea.

Wesley hakukasirika. Heri angekasirika. Aliangalia ile televisheni, akatikisa kichwa mara moja kama mtu aliyepata jibu alilolijua tangu zamani, akasema, "Sawa. Mmeona wenyewe. Tuendelee." Mawingu yalikuwa yamefika juu ya kiwanda cha chai, na kwetu mvua ya alasiri haibahatishi. Wanaume sita wakainama wakashika jeneza.

Nilitaka kunyamaza, nawaambia ukweli. Nilijiambia nitamweleza Wesley kesho, pembeni, kwa utaratibu. Lakini nilimkumbuka huyo dada, amekaa jikoni gizani kule mbali, na hapa mlimani wanaliimba jina lake vibaya, na jeneza limeshaondoka chini. Miguu ikanipeleka. Nilichukua maikrofoni kwa MC bila kuomba.

"Hakukata yeye," nikasema. "Ni mimi. Nimezima mlima."

Mchungaji akaniangalia juu ya miwani. "Mlima gani?"

"Huu."

Akatazama chini, penye viatu vyake, akanitazama tena. "Umezima mlima tukiomba?"

"Ndiyo, mchungaji. Nilidhani maombi yatakuwa marefu kidogo."

Mtu alicheka huko nyuma akajikohoza. Nikajaribu kueleza, nikasema matundu, nikasema visanduku, nikasema lango na mlango, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nyuso zilivyozidi kuniangalia kama mtu aliyekunywa kitu asubuhi. Wesley ndiye aliyekuja mpaka nilipo. Hakutumia maikrofoni.

"Yeye hakukata?"

"Hakukata. Nilimkata mimi, kwa makosa."

"Una hakika? Si eti unataka tu kumsaidia?"

"Nina hakika, ndugu Wesley."

"Nionyeshe."

Nikamwonyesha ile skrini nyeusi. Hakuna alichoweza kusoma pale, hata wewe usingesoma, lakini alichuchumaa akaiangalia muda mrefu, na alipogeuka uso wake ulikuwa umebadilika, sijui niseme umelegea. Akawaambia wale wanaume, "Mwekeni mama chini. Tutangoja."

Sasa kungoja nini? Mtandao wa simu kwenye mlima ule ni wa kupiga na kupokea tu, tena ukisimama upande wa zizi, na nambari ya kawaida ya Chepkirui hakuna aliyekuwa nayo, wote walimpata kwa mtandao. Bosi alikuwa Soin anavuta waya na simu yake imezimwa. Ilibaki njia moja. Mtambo ukizimwa ukawashwa, husahau kila kitu ambacho hukuuambia uhifadhi, na mimi sikuwa nimefika kwenye kuhifadhi. Kwa hivyo nikampigia Mama Chelangat wa duka la dawa, na kwa ile hofu nikawa nimeshika simu mkono mmoja na maikrofoni mkono wa pili, na sikukumbuka kwamba maikrofoni haijazimwa.

"Mama, chamgei. Ni Nyakundi wa faiba. Uko dukani?"

"Niko. Mbona unasikika kama uko kanisani?"

"Niko matanga. Naomba uingie chumba cha nyuma, uzime mtambo wetu, ungoje kidogo, halafu uwashe."

"Ule wa taa mingi?"

"Huo."

"Nizime kwa ukuta?"

"Kwa ukuta."

Boma zima likasikiliza hatua za Mama Chelangat, mlango, kitasa, halafu mlio wa swichi. "Nimezima," akasema.

"Taa zimezimika?"

"Za mtambo zinawaka. Zimezimika za vifaranga."

Mchungaji akaniinamia. "Mwambie awashe vifaranga kwanza," akasema kwa upole, na hapo ndipo matanga ya Kogo Tabitha yalipopasuka kwa kicheko, hata mmoja wa wale waliobeba jeneza alikaa chini kwenye majani akifuta macho. Vifaranga vikawashwa. Mtambo ukazimwa. Nao ulipozimwa, soko la Mogogosiek na milima yote mingine ambayo haikuwa imenikosea kitu ikaingia gizani, na simu yangu ikaanza kulia, ni wateja, na mimi nikaitia mfukoni ikaendelea kulia huko. Mtambo wetu ni wa zamani, unaamka polepole. Kwaya ikaimba. Wimbo ukaisha wakaanza mwingine. Tone la kwanza la mvua likaanguka kwenye hema, na hakuna aliyesema twende.

Mlima ulirudi. Binamu akapiga, ikaita, ikaita sana kiasi kwamba nilianza kufikiri hatapokea, halafu televisheni ikapata rangi na Chepkirui akatokea, amevua kile kitambaa cheusi, na kabla hajasema neno picha ikaganda.

Wesley akanigeukia. "Sasa ni nini tena?"

Ikabidi nimwambie. Kwamba mtambo umesahau pia ule upana mpya, na kwamba tatizo tangu mwanzo ni simu za wageni, wote wako kwenye waifai ya mama yake.

"Si ungesema?"

"Niliona haya."

Aliniangalia kidogo, nadhani alitaka kucheka au kunizaba kofi, akachukua maikrofoni, akasema sentensi moja kwa Kipsigis. Na mikono ikaenda mifukoni kote bomani, mia kwa wakati mmoja, hakuna aliyenuna, hakuna aliyenyang'anywa chochote. MC akazima yake. Mchungaji akatoa simu chini ya Biblia akazima na yeye, bila kuniangalia.

Picha ikatulia, haikuganda tena. Chepkirui alikuwa amelia. Hakusalimia watu, alimtafuta kaka yake kwa macho, na sauti yake ikatoka kwenye spika zote: "Wesley, kama hukutaka niongee si ungeniambia tu. Mbona unanikata mbele ya watu?"

Hapo hakuna aliyecheka. Mvua ilikuwa inampiga Wesley mabegani, alikuwa nje ya hema. "Si mimi," akasema. "Chepkirui, haki si mimi. Sisi tulisema ni wewe umetukata." Wakaangaliana hivyo, kila mmoja ameshasikia alivyofikiriwa na mwenzake. Halafu Wesley akaninyooshea kidole. "Ni huyu." Nami nikainua mkono, kwa mara ya pili siku ile, na huyu dada akacheka huku analia, akasema, "Nyakundi, jamani."

Aliongea maneno machache. Aliwashukuru waliomtunza mama, akamtaja Wesley kwa jina, akasema, "Wewe uligeuza mama kwa kitanda, na mimi nilijua, na sikuwahi kukuambia asante." Kaka yake akaondoa ile simu kwenye kijiti mwenyewe, akaifunika kwa koti, akaenda nayo mpaka kaburini kwenye mvua kubwa sasa, na wakati wa udongo alitupa wa kwake, akainama tena, akaiuliza simu kitu ambacho sisi hatukukisikia, akatupa mwingine.

Bosi alinigombeza siku nzima, na alikuwa na haki. Sheria yake kwangu ni kwamba kabla sijabonyeza amri yoyote nisome kwa sauti mahali niliposimama, na ninasoma, hata watu wakiwa karibu, hata wakidhani naongea peke yangu. Hiyo si ngumu. Kilicho kigumu ni ujumbe niliotumiwa na Chepkirui baada ya mazishi. Nilikuwa nimemwomba msamaha, nikamwandikia kwamba hata kama tungezika bila yeye, ningemtafuta siku iliyofuata nimweleze kila kitu, kwa hivyo lisingeharibika jambo.

Akanijibu kwamba ile skrini ilipozimika alijua ni Wesley, hakuwa na shaka hata kidogo. Alivua kitambaa, akaweka maji ya chai, na wakati maji yanachemka akafuta nambari ya Wesley, za binamu, yangu, zote za nyumbani, moja moja, akajiandaa kuzizuia. Simu ilipoita aliona tu kwamba nambari haina jina, hakuisoma, akaiacha ilie, kisha akapokea akidhani ni kazini wanamhitaji mapema.

Siku hizi nikitaka kuzima nyumba, hata kwa dakika mbili, natoka na pikipiki naenda kubisha hodi na kuwaambia wenye nyumba kwa mdomo wangu. Bosi anasema ninapoteza mafuta.